Nilisema Alazwe

Kazini waliniita Kamusi, na mimi nilikuwa nikiitika. Tena si kuitika kwa kawaida; nilikuwa nikiitika kwa madaha, kama mtu aliyeitwa kwa cheo chake. Jina lenyewe nilijipa mwenyewe. Siku moja nilimkuta Kamba, mhudumu wetu wa kushika wanyama, anaisogeza chupa ya dawa mbali na macho kisha anairudisha karibu, anahangaika na maandishi. Nikamwambia, "Usijitese, kamusi iko hapa," nikajigonga kifua. Alicheka, akalieneza, na kabla mwezi haujaisha hata anayetuletea magazeti alikuwa akiniita hivyo.

Kazi yangu ilikuwa mapokezi ya kliniki ya wanyama: meza moja, simu, daftari kubwa la wagonjwa, na benchi la mbao lililotafunwa ncha zake na mbwa wenye wasiwasi. Kwa miaka tisa nilifanya kazi na daktari wetu, mtu wa maneno machache aliyezungumza na watu kwa lugha yao. Mnyama akiwa amefika mwisho, daktari alikuwa akivua miwani na kumwambia mwenyewe, "Huyu tumpumzishe." Mwenye mnyama anaelewa hapohapo. Analia kidogo, anashika mguu wa mbwa wake, sindano inachomwa, basi. Miaka yote tisa nililisikia neno hilo, na sikuwahi kujiuliza watu wa lugha nyingine wanalisemaje.

Kiingereza nilikipata kwenye kamusi ya kweli, ile ya karatasi, niliyozawadiwa darasa la saba kwa kuandika maneno mia bila kukosea hata herufi moja. Masomo yangu yaliishia kidato cha nne, lakini kamusi sikuiacha. Kila siku neno moja. Niliyakusanya kama mtu anayekusanya vifungo kwenye kopo: kila kimoja kizuri, kila kimoja peke yake. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba maneno ya Kiingereza yakishaoana hubadilika tabia. Unamjua bwana, unamjua bibi, lakini ukiwakuta nyumbani kwao huwatambui.

Mume wangu, fundi wa majokofu, alikuwa akiwaambia wateja wake, "Mke wangu anaongea Kiingereza mpaka na mbwa, na mbwa wanatii." Nami nilimwacha aseme. Binti yetu, aliyekuwa kidato cha pili, aliniuliza siku moja maana ya *give up*. "Toa juu," nikamjibu, bila hata kuinua kichwa kwenye mchele niliokuwa nachambua. Wiki iliyofuata alirudi na karatasi ya mtihani imechorwa nyekundu, akaiweka mezani mbele yangu. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena Kiingereza, na mimi nikajifanya sikugundua.

Basi daktari wetu akaenda masomoni kwa miezi sita, tukaletewa daktari mgeni. Alikuwa mtu mpole, mrefu, anayeinama hata kwenye milango iliyomzidi urefu. Kiswahili chake kilikuwa salamu na neno "pole", na hilo pole alilitumia kwa kila kitu, hata kuombea kalamu. Mimi ndiye niliyewekwa katikati. Akizungumza yeye, nafasiri. Akizungumza mwenye mnyama, nafasiri. Kamba akawa ananiletea kiti. Nilijiona mtu, sikufichi.

Wiki ya kwanza tu, mama mmoja mwenye mbwa mdogo alipewa vidonge, na daktari akasema vinaweza kumfanya mbwa *throw up*. Rusha, juu. Nikamwambia, "Mama, anaweza kurusha juu."

"Arushe nini, dada?"

"Chochote kitakachokuwepo."

Mama akaniangalia, akamwangalia mbwa wake, ambaye alikuwa mdogo kuliko mkoba wake, akaenda zake. Adhuhuri nilifungua kamusi kwa siri chini ya meza nikakuta ni kutapika. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Kumpigia simu yule mama nijirekebishe? Sikumpigia. Kumwambia daktari kwamba mengine siyajui? Thubutu! Marehemu mama yangu alikuwa na msemo wake, mficha uchi hazai, na alikuwa akiutoa kila akiniona najikausha darasani badala ya kuuliza. Niliukumbuka siku ile, nikaufunga pamoja na kamusi.

Mzee mmoja mlinzi alikuja Jumanne, saa tisa alasiri, anasukuma toroli la kubebea mchanga. Ndani ya toroli alikuwa ametandika gunia, na juu ya gunia alilala mbwa wa rangi ya kahawia, mkubwa, mdomo umeshakuwa mweupe kwa uzee. Tumbo lilikuwa limevimba upande mmoja. Mzee alilisimamisha toroli mlangoni, akafuta miguu kwenye mkeka, kisha akafuta na gurudumu.

"Jina la mgonjwa?" nikauliza, kalamu mkononi.

"Rungu."

"Mzee, Rungu?"

"Nilikuwa nalinda ghala la mbao. Rungu langu likaibwa, nikaomba jingine, tajiri akasema subiri. Nikaokota mtoto wa mbwa pale getini. Nikasema basi, rungu langu ndilo hili."

"Mlinzi akaibiwa rungu?" nikamtania.

"Ndiyo maana nikahitaji mbwa," akajibu, na tukacheka wote, hata Kamba. "Miaka kumi na mitatu sasa, mwanangu. Tulikuwa tunapokezana zamu. Akilala yeye, mimi macho. Nikilala mimi, yeye macho. Tajiri hakuwahi kujua."

Sasa alikuwa amestaafu, na mke wake alikuwa ameshafariki. Kama alikuwa na watoto hakuwataja. Aliyekuwa akimtaja ni Rungu tu, kwamba siku nne hajala, kwamba anahema kama amekimbia na hali hajaenda popote.

Daktari mgeni alimpapasa mbwa yule kwa muda mrefu, akampiga picha kwa mashine, akamsikiliza moyo. Kisha alivua glavu zake, akanigeukia. Alizungumza polepole, kwa sauti ya chini. Alisema uvimbe umeenea, hautibiki. Alisema njia ni mbili. Ya kwanza, *put him down*. Ya pili, mzee arudi naye nyumbani na vidonge vya maumivu. Ataishi wiki mbili, pengine tatu, na vidonge vitapunguza maumivu lakini havitayaondoa. Akasema achague mzee mwenyewe, asiharakishwe.

*Put* ni weka. *Down* ni chini. Weka chini. Mgonjwa ukimweka chini si umemlaza? Na mgonjwa akilazwa kila mtu anajua ni nini: anabaki hospitali, anapewa kitanda, anatibiwa. Hivyo ndivyo nilivyolifikia, kwa haraka, kwa kujiamini, vidole viwili mezani, kimoja kwa kila neno.

Ila sitadanganya, nilisita. Lile neno la kutotibika nililisikia vizuri. Nikajiuliza, kama hautibiki, kumlaza ni kwa nini? Na uso wa daktari ulikuwa umelegea kwa namna ambayo haikufanana na habari ya kulaza mgonjwa. Swali lilinijia mpaka ncha ya ulimi: *daktari, una maana gani?* Maneno machache tu, na Kiingereza cha swali hilo nilikijua chote, hakina hata neno moja la kuoana. Lakini Kamba alikuwa amesimama pembeni, ameshika kamba ya mbwa, ananiangalia kwa ile heshima niliyoizoea. Nikajijibu mwenyewe kwamba labda hautibiki kwa vidonge vya nyumbani. Nikalimeza swali langu, na lile neno la kutotibika nikaliacha lipite bila kulifasiri. Hapo mbwa mwingine akabweka chumba cha nyuma, Kamba akaenda kumtuliza.

"Mzee," nikasema, "ugonjwa ni mkubwa. Daktari anasema njia ni mbili. Ama alazwe, ama urudi naye nyumbani na vidonge, lakini nyumbani maumivu hayataisha."

Mzee hakufikiri hata kidogo. Uso wake ulifunguka. "Alazwe! Mwambie alazwe, mwanangu. Nyumbani mimi nitamfanyia nini?"

Nikamgeukia daktari nikamwambia amechagua njia ya kwanza. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaweka mkono begani kwa mzee, akasema, "Pole."

"Asante, daktari," mzee akajibu. "Asante sana."

Daktari akasema nimwambie hataumia. Nikamwambia. Mzee akashukuru Mungu. Daktari akasema nimwambie atalala tu. Nikamwambia, "Atalala tu, mzee." Naye akasema, "Alale, apumzike, maskini. Siku nne hajapata usingizi."

Kisha daktari akauliza kama angependa kukaa naye.

"Daktari anauliza kama utapenda kukaa naye."

"Kukaa naye?" Mzee alishangaa. "Mke wangu alipolazwa, hatukuruhusiwa kukaa wodini hata dakika moja. Hapana, nisiwasumbue. Nitakuja kesho asubuhi, nimletee blanketi lake. Hapendi baridi."

Nikamwambia daktari mzee anaona afadhali aende nyumbani. Daktari hakushangaa, nadhani alishaona wengi wasioweza kuvumilia kutazama. Akajaza fomu, na kwenye mstari wa matibabu akaandika herufi tatu, P.T.S. Nilizitazama nikazifungua mwenyewe: *patient to stay*, mgonjwa abaki. Nikaweka kidole mahali pa sahihi, na mzee akaandika jina lake herufi moja moja, ametoa ulimi pembeni mwa mdomo.

Kabla ya kuondoka aliinama kwenye toroli. Alimwambia mbwa wake, "Usiwang'ate watu wa watu. Kesho." Akampiga kofi dogo la shingoni, la kirafiki, kama unavyompiga mwenzako mnayeonana kila siku. Kamba akarudi, akambeba Rungu kumpeleka chumba cha nyuma, na mzee akasukuma toroli tupu kurudi kwake. Mimi nilifunga daftari saa kumi nikaenda nyumbani. Nilipika, nikala, nikalala fofofo.

Asubuhi nilifika na mapema. Kamba alikuwa anapiga deki.

"Rungu wa watu ameamkaje?" nikamuuliza, navua kitambaa cha kichwa.

Kamba alisimamisha deki. "Rungu yupi?"

"Aliyelazwa jana. Yule wa mzee mlinzi."

Alicheka kwanza, akidhani namfanyia mzaha. Halafu akaacha kucheka. "Kamusi, Rungu yuko kwenye jokofu. Daktari alimaliza jana ileile, mzee hata hajafika mwisho wa barabara. Si mlikubaliana?"

Nilikaa kwenye kile kiti, nikaitoa kamusi chini ya meza, nikafungua *put*. Neno hilo peke yake lina kurasa mbili. Miaka yote nilisoma mistari mitatu ya juu, kwamba ni kuweka, nikaridhika. Nikateremka na kidole. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: *put down*, kumuua mnyama mgonjwa au mzee ili asiteseke. Ilikuwepo. Ilikuwa imenisubiri mle tangu darasa la saba. Hata zile herufi tatu nilizielewa sasa, *put to sleep*. Hawa nao wanasema kulaza, ila kulaza kwao hakuna asubuhi.

"Ulimwambia nini yule mzee?" Kamba aliuliza taratibu.

"Nyamaza," nikamwambia. "Nakuomba, nyamaza."

Na mlango ukafunguliwa.

Mzee alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Kwapani alikuwa na blanketi la kijivu limekunjwa vizuri, na mkononi kopo la maziwa lenye kifuniko. Akasalimia wote, akakaa kwenye benchi, blanketi juu ya magoti, akaniangalia kwa uso wa mtu aliyewahi foleni. "Saa za kuona wagonjwa zimefika, au nisubiri?"

Nilikuwa na nafasi. Nasema hili kwa sababu watu wakinihurumia husema sikuwa na la kufanya. Nilikuwa nalo. Nilikuwa na dakika nzima, naye amekaa pale, na ukweli wote ulikuwa kwa Kiswahili, hauhitaji kamusi. Nilipiga moyo konde, nikatoka nyuma ya meza, nikachuchumaa mbele yake. Na nilipofungua mdomo nikamdanganya.

"Mzee, pole sana. Rungu alizidiwa."

Alinitazama. "Alizidiwa lini?"

"Jana ileile. Daktari alijitahidi."

Alilisogeza kopo la maziwa kutoka upande huu wa benchi kwenda upande ule. "Alipata shida?"

"Hapana. Alilala tu."

"Haya," akasema. "Haya. Mungu amependa." Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa kiganja. Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani ardhi inimeze: alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. "Ulimpigania, mwanangu. Ulimwombea kitanda. Wengine wangeniambia niende naye akanifie nyumbani."

Mzee alikwenda kulichukua toroli lake; aliporudi, Kamba aliitoa maiti, wakaiweka pamoja humo. Mzee alinipa blanketi. "Mpeni mwingine atakayelazwa," akasema. "Wagonjwa hawaishi." Maziwa alimwachia paka wa kliniki.

Tangu asubuhi ile Kamba hakuniita tena Kamusi. Alianza kuniita dada, kwa adabu, na ile adabu ilinichoma kuliko matusi. Daktari hakujua chochote. Aliendelea kuinama milangoni na kuomba kalamu kwa pole. Mimi niliendelea kufasiri, lakini sasa kila neno lilinitia hofu. Niliuliza mara mbili, mara tatu. Daktari, una maana gani? Daktari, sema kwa njia nyingine. Na unajua alinijibuje? Kwa furaha. Kila mara alieleza upya, akachora hata picha. Hakunicheka hata siku moja. Niliona soni kupita kiasi, kwa sababu mlango niliouogopa haukuwa na kufuli.

Blanketi niliepuka kulipeleka chumba cha nyuma. Nililiweka kwenye mgongo wa kiti changu, na kila nikiegemea lilinikwaruza shingo. Nyumbani chakula hakikupita. Mume wangu alidhani naumwa, akaninunulia machungwa. Binti yangu alinitazama siku tatu, ya nne akaja na daftari lake la Kiingereza, akalifungua mezani kwenye ukurasa wenye orodha ndefu ya maneno yaliyooana, ameyaandika kwa kalamu mbili. Alikaa tu karibu yangu, na mimi nikaanza kusoma kutoka juu, *break down*, *bring up*, mama mtu mzima, nafuata kwa kidole.

Siku ya nane akaja mwanamke na paka aliyevunjika mguu. Alimpita daktari aliyekuwa amesimama mlangoni, akanijia mimi moja kwa moja. "Wewe ndiye Kamusi? Nimeelekezwa na jirani yangu, mzee mlinzi. Amesema nikifika nikutafute wewe, wewe ndiye uliyemlaza mbwa wake. Amesema dada yule anasema ukweli, hatakuficha."

Niliandika jina la paka. Nililikosea, ikabidi nilikate, niandike tena.

Kesho yake asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, niliingia kwa daktari nikamweleza yote, kwa Kiingereza changu cha neno moja moja. Alikaa chini. Kwa mara ya kwanza tangu afike, lile pole halikutoka. Aliuliza kama mzee anajua, nikasema hapana. Akasimama achukue koti twende wote, nikamzuia. Nilimwambia safari hii haihitaji mkalimani. Nilitoa blanketi kwenye kiti, nikaenda kwa miguu.

Mzee alikuwa akiishi chumba kimoja nyuma ya ghala lilelile la mbao, walimwachia alipostaafu. Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, anapigilia mguu wa kiti. Kando ya ukuta udongo ulikuwa umeinuka kidogo, umezungushiwa vipande vya mbao vilivyokatwa sawasawa. Bakuli la mbwa lilikuwa limeoshwa, limefunikwa juu ya jiwe.

"Karibu, mwanangu!" Alinyanyuka, akapangusa kigoda anipe. "Na blanketi? Hakuna aliyelihitaji?"

"Mzee, kaa kwanza. Nimekuja kusema jambo."

Nikalisema. Sikutia chumvi, sikutia sukari. Nilisema daktari alitumia neno ambalo sikulijua, kwamba nilijua silijui, kwamba niliona haya kuuliza. Nilisema Rungu hakulazwa, alichomwa sindano ya kufa jioni ileile, na yeye ndiye aliyetia sahihi kwa sababu mimi nilimwonyesha mahali. Nilisema kuzidiwa nilikutunga. Nilipomaliza, yeye alikuwa bado ameshika nyundo.

Nilitegemea anifukuze. Nilitamani anifukuze, kusema kweli. Ningeondoka na adhabu yangu. Alikaa akiutazama ule mguu wa kiti.

"Nyumbani angeishi siku ngapi?"

"Daktari alisema wiki mbili, au tatu."

Alihesabu kwa vidole. "Leo ni ya tisa," akasema, akatazama mlangoni kwake, mahali ambapo sakafu ya saruji ilikuwa imelainika kwa kulaliwa.

Sikuweza kumwangalia. Baadaye aliweka nyundo chini, akavuta kigoda kingine akakaa mbele yangu, magoti karibu yagusane.

"Niambie upya," akasema. "Alivyosema daktari. Yote, bila kuruka. Mimi nitajibu."

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikamwelewa, na nikaanza, blanketi mapajani, kama vile daktari amesimama nyuma yangu.

"Mzee, daktari anasema uvimbe umeenea. Hautibiki."

Akaitikia kwa kichwa.

"Anasema njia ni mbili. Ama tumpumzishe, ama urudi naye nyumbani na vidonge, ataishi wiki mbili au tatu. Vidonge vitapunguza maumivu, lakini havitayaondoa. Anasema usiharakishe."

Hakuharakisha. Mle ghalani watu walikuwa wakipanga mbao, moja juu ya nyingine, na nilizihesabu mpaka kumi na nne.

"Siku nne hajalala," akasema mwisho. "Hapana. Nikimpeleka nyumbani nitakuwa najipendelea mimi. Apumzishwe."

Sitaficha: kifua changu kilifunguka. Nilihema kwa raha, pale pale, mbele yake, kwa sababu amechagua kile kilichokwisha kutendeka. Nikawaza, kumbe ingekuwa vilevile. Naionea haya pumzi ile kuliko hata uongo wangu.

"Endelea," akasema. "Si aliuliza na jingine?"

"Anasema hataumia. Atalala tu."

"Ndiyo."

"Na anauliza..." Nikaanza tena. "Anauliza kama utapenda kukaa naye."

Mzee alinyoosha mkono akachukua blanketi mapajani mwangu, akalikunjua, akalikunja upya, pembe kwa pembe.

"Akilala yeye, mimi hukaa macho," akasema. "Mwambie daktari nakaa."

Aliniangalia, ananisubiri nigeuke nifasiri.